Haji wa Nakala Arobaini

Bahgat Zanati alikuwa amejificha. Huko Kairo walikuwapo watu kadhaa waliomtafuta kwa hamu kubwa, watu aliowauzia nafasi za kuegesha magari mbele ya nyumba zao wenyewe. Kwa hiyo aliona si vibaya kupumzika kidogo kusini, ng'ambo ya mto kutoka Luxor, akivuta hewa safi.

Hewa safi aliipata. Alipoanza kuichoka, akaona ukuta.

Ulikuwa ukuta wa udongo uliopakwa chokaa ya buluu, umechorwa kama kuta zichorwavyo mtu akirudi kutoka Makka: Al-Kaaba, meli, ndege, simba mwenye upanga, na ngamia. Juu ya mlango liliandikwa kwa herufi nene jina la aliyehiji. Ngamia alikuwa na miguu mitano. Mbele yake alisimama mama mmoja wa Kairo mwenye miwani mikubwa ya jua, akipiga picha huku akihema.

"Kitu kama hiki kikae sebuleni kwangu," alimwambia mumewe, "ningetoa chochote."

Neno "chochote" lilimwingia Bahgat sikioni na halikutoka tena.

Mwenye nyumba alikuwa mjane aitwaye Badawiya. Alimkaribisha chai, na kwa kuwa Bahgat aliisifia chai kwa adabu, akamkaribisha na bata.

"Hajati, ukuta wako huu..."

"Usiniite Hajati. Sijaenda."

"Lakini hizi picha?"

"Za mume wangu, Gadallah, Mungu amrehemu. Tuliuza nyati wetu wa maziwa. Nyati mmoja, msafiri mmoja. Akaniambia, mwakani zamu yako. Mwakani akatangulia kwingine."

"Alipanda ngamia?"

"Gadallah? Alimwogopa ngamia kama anavyoogopwa shetani! Alikwenda kwa meli. Hiyo ndege mchoraji alituongezea tu, alisema ukuta umebaki wazi."

"Na huo mguu wa tano?"

"Wa nne aliukosea, akachora mwingine. Gadallah akasema uache, safari yenyewe ni ndefu."

Bahgat alicheka kwa moyo wote, na tusimnyime haki yake: kicheko hicho kilikuwa cha kweli. Kisha akaomba kuupiga picha ukuta ili, alivyosema, dunia iuone.

"Piga, mwanangu. Ila jina la mume wangu usiliondoe. Ndilo lililonibakia."

"Niliondoe, mama? Nikatwe mkono!"

Mikono ya Bahgat ilikuwa imeapiwa mara nyingi sana. Ni jambo la kushangaza kwamba bado ilikuwa miwili.

Kairo alirudi kwa kupitia uchochoroni, hadi kwenye karakana ya Fundi Girgis, mchapaji wa fulana za timu na mabango ya uchaguzi. Kazi ya Girgis ilikuwa ya subira. Fremu ya mbao iliwambwa wavu mwembamba, wino ukamwagwa juu, ukasukumwa kwa kibao chenye ukingo wa mpira ukapenya hadi kwenye karatasi. Kila rangi na wavu wake: kwanza buluu, mwisho nyeusi, ambayo ndiyo iliyobeba maandishi.

"Nakala arobaini, kisha nyavu zote tunazivunja," Bahgat alisema.

"Kwa nini arobaini? Wino upo."

"Kwa sababu nakala ya arobaini na moja ni takataka. Hiyo ndiyo sanaa, fundi. Na hapa penye Gadallah, andika Haji Bahgat Zanati."

Girgis aliinua kichwa. "Wewe umehiji lini?"

"Moyoni naenda kila siku. Sikiliza, mnunuzi anapenda kumshika mkono haji mwenyewe. Marehemu hashikiki mkono."

Baba yake Girgis alikuwa amezuru Yerusalemu, akarudi na msalaba na mwaka wa safari vimechanjwa kwenye kifundo cha mkono, na tangu hapo hadi anakufa alikunja mkono huo wa shati hata wakati wa baridi ili vionekane. Girgis alitengeneza wavu mpya wenye jina la Bahgat. Ule wa kwanza, aliokwisha kuutoa kwenye picha kwa jina la Gadallah, hakuuvunja. Aliuegemeza nyuma ya mlango.

Pembeni mwa picha, chini ya mkia wa ngamia, mchoraji wa ukuta alikuwa ameweka jina lake na namba ya simu, kama wafanyavyo wote ili wapate kazi nyingine.

"Na hii namba?" aliuliza Girgis.

"Iache. Inaonyesha ukweli."

Kisha Bahgat alichovya kidole kwenye wino mweusi, akajipaka katikati ya paji la uso alama ya sijida, duara zuri la mtu aliyesujudu miaka mingi.

"Huo wino hautoki," Girgis alimwonya.

"Vizuri. Imani yangu nayo haitoki."

Alipoondoka, Girgis alipiga ile namba. Ilikuwa ya duka lililo jirani na ule ukuta, mahali mchoraji alipopokelea maagizo.

"Huko kwenu kuna Haji Bahgat?" aliuliza.

"Haji hatuna," mwenye duka alijibu. "Bahgat tunaye mmoja, alikula bata wa Badawiya akaondoka."

Girgis akaomba aitiwe huyo Badawiya.

Mnunuzi aliitwa Mhandisi Fakhri Dawakhli. Alikuwa ametajirika kwa masinki na vyoo vya kauri, na sasa alitaka kukumbukwa kwa kitu kingine. Bahgat alimsimulia kwamba ukuta ule ulikuwa wa nyumba yake mwenyewe, ukachorwa aliporudi kutoka Makka, na kwamba mvua imeshaubomoa.

"Kuna mtu mwingine anayo hii picha?" Fakhri aliuliza.

"Duniani zipo arobaini tu, pasha."

"Nachukua zote."

"Zote arobaini?"

"Jirani yangu akiwa nayo moja, mimi nitakuwa na nini?"

Wakapatana kukutana Alhamisi katika ukumbi wa kukodi, mbele ya wageni wenye glasi za karkadee, sharubati nyekundu ya maua. Picha zilitundikwa ukutani, kila moja na namba yake kwa penseli. Fakhri alikuwa amekwisha kugusa kufuli la mkoba wake wa fedha pale zumari lilipolia mlangoni.

Likafuata tari. Vikafuata vigelegele. Kisha kikaingia kijiji kizima, wazee kwa kanzu na vilemba, wanawake kwa mitandio myeusi, na mbele yao Badawiya.

Bahgat aligeuka mweupe kama chokaa. Alisubiri asikie "Mwizi!" Badawiya akafungua mikono yote miwili.

"Haji Bahgat! Umerudi salama! Mungu aitakabali hija yako!"

Fakhri alifurahi hadi karkadee ikamwagika. "Hawa ndio watu wako?"

"Ni... jamaa, ndiyo, jamaa."

"Tulikungoja kijijini hukupita," Badawiya alisema. "Tukaambizana, haji ana shughuli nyingi, tumfuate sisi. Haya, chakula kiko wapi?"

Kila mtu anajua kwamba anayerudi kutoka Makka huwalisha waliokuja kumpokea. Kijiji kilikaa chini, kikatulia, kikamtazama. Bahgat aliagiza kofta na wali kutoka duka la jirani kwa fedha za mfukoni mwake, na alipoona mzee mmoja akiomba nyongeza ya tatu alihisi maumivu halisi ya kiroho.

"Alhamdulillahi," alisema Badawiya, akifuta vidole. "Na zawadi?"

"Zawadi?"

"Tasbihi, kofia, tende za Madina. Umerudi mikono mitupu? Haji gani wewe?"

"Hata mimi nauliza," Fakhri alisema taratibu. "Haji gani?"

Bahgat alijifuta jasho la paji la uso. Alama haikutikisika. Badawiya akazungusha macho ukutani, uso ukamng'aa.

"Jamani, ona alivyotufikiria! Kumbe kila mtu ana picha yake!"

"Hizo ni zangu!" Fakhri aliruka. "Nanunua!"

"Umeshalipa?"

"Nilikuwa nafungua mkoba!"

Badawiya alimgeukia Bahgat, sauti yake ndogo, ya upole kabisa. "Haji. Unauza hija yako?"

Zumari lilinyamaza. Bahgat aliangalia upande wa kijiji, akaangalia upande wa Fakhri. Akikubali kwamba anauza, kijiji kitasimulia habari ya bata na mengineyo. Akisema yeye si haji, Fakhri atafunga mkoba na kufungua mashtaka. Katika maisha yake yote hakuwahi kukosa mlango wa nyuma, na sasa mlango uliobaki ulikuwa mmoja tu.

"Niuze?" alisema. "Astaghfirullah. Chukueni, jamaa zangu. Chukueni."

Walichukua. Walizikunja vizuri, hata penye misumari hapakubaki kitu, na Bahgat akapewa mkono na kila mmoja wao.

Fakhri hakuweza kuvumilia. Kufikiria jinsi watu wote wale walivyo na kitu ambacho yeye hana kulimtoa mbio hadi kwenye mabasi yao.

"Mama! Zote, utaniuzia bei gani?"

Badawiya alikuwa ameketi karibu na mlango wa basi. "Hija ya mtu mmoja. Kwenda na kurudi. Na kwanza jina la mume wangu lirudishwe, maana hilo lililoandikwa ni la mwongo."

Fakhri alishika mlango wa basi. "Kwa hiyo zina makosa? Na zitasahihishwa kwa mkono?" Akatafakari, akameza mate. "Basi hizo ni adimu zaidi!"

Kesho yake Girgis alitoa wavu nyuma ya mlango. Kwanza utepe wa buluu wa kufunika jina la Bahgat, kisha nyeusi ya Gadallah. Badawiya aliketi kwenye kigoda na kumwonyesha Bahgat kibao cha kusukumia wino.

"Uliapa ukatwe mkono. Sitaukata. Sukuma."

Bahgat alisukuma nakala zote arobaini. Kati ya moja na nyingine alimnong'oneza Girgis, "Ni wewe uliyewapigia simu?"

"Siku ya ukumbi ulinitajia, na namba uliiacha mwenyewe. Ulisema inaonyesha ukweli."

Ile alama ya sijida haikutoka, si kwa sabuni, si kwa mafuta ya taa. Kila mkahawa alioingia walimsukuma mbele awasalishe, na ni vigumu kumlaghai mtu aliyetoka kuswali nyuma yako.

Ndiyo maana Badawiya aliporudi kutoka Makka, na habari ikaenea kwamba kuna nyama, Bahgat alipanda treni akaenda. Alikula. Akapewa tasbihi yake kama wengine wote.

"Hongera, Hajati," alisema.

Badawiya alifumba macho, kama mtu anayeonja. "Sema tena."

"Hajati."

Ukuta ulikuwa umechorwa upya. Jina la Gadallah lilikuwa palepale juu ya mlango, na la Badawiya pembeni yake, kubwa sawa. Ngamia alikuwa na miguu minne. Nyuma yake mtu mwembamba mwenye doa jeusi kwenye paji la uso alikuwa amebeba mizigo yote ya safari, na chini yake limeandikwa jina: Bahgat Zanati.

Bahgat alilisoma mara mbili. "Mbona mimi hamkuniandika Haji?"

"Hujaenda," alisema Hajati Badawiya, akamwongezea mchuzi.