Karatasi Nyeupe Pee

Jumatatu, 3 Machi
Aibu mbele ya watu! Kila asubuhi hapa kiwandani, tunakogeuza maji ya chumvi kuwa ya kunywa, tunachota maji yaliyokwisha kupita kwenye mchanga, tunayasukuma yapite kwenye kikaratasi cha duara, tuone kinaziba upesi kiasi gani. Kikiziba upesi, jua zile tando ghali zinazotoa chumvi nazo zitaziba. Changu kimeziba kabla sijamaliza kupiga chafya. Rangi ya kutu! Cha mwenzangu wa mtambo wa pili cheupe. Tunamwita Mizani, kwani hata sukari yake anaipima. Meneja akasema karibuni atatangaza mkuu mpya wa maabara. Akamtazama Mizani usoni. Mimi akanitazama viatu.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa! Badala ya kuchota kabla ya tando, nimechota baada ya tando. Mabomba yenyewe yamepakana. Karatasi imetoka nyeupe pee, kama ilivyoingia. Meneja nusura aibusu. Mizani akaniuliza nimefanyaje. Nikamwambia ni mkono tu, wengine tumejaliwa.

Jumatano, 5 Machi
Meneja kaamua kwamba, maji yakiwa safi hivi, hakuna haja ya kuosha vichujio vya mchanga vya upande wangu. Mzee anayeviosha, Baba Mchanga, akasema vinanuka, vioshwe. Nikamjibu kwamba vipimo havibishani na pua. Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Pampu inalia, tando hazipitishi kitu, mtaa wetu mzima hauna maji. Na nani kaja kututembelea? Mama mkwe! Mke wangu alikwisha kumsifia kwamba mumewe ndiye anayepima maji ya mji. Bomba la jikoni likakohoa, likatoa tone, likakata roho. Mama mkwe akajitwika ndoo, akaenda kuomba maji kwa jirani mwenye tangi. Nikamkimbilia nimpokee.
“Acha tu, mwanangu,” akasema. “Wewe umechoka na kupima.”
Afadhali angenizaba kofi.

Jumamosi, 8 Machi
Wamefungua tando. Utelezi mtupu, mzito kama kamasi. Meneja anataka mwenye kosa. Karatasi zangu ni nyeupe, kwa hiyo maji hayana kosa, mwenye kosa ni mtu. Akamnyooshea kidole Baba Mchanga: amevuruga vichujio kwa hasira ya kukatazwa kuviosha, Jumatatu arudishe funguo. Mzee alivua kofia, akaikunja. Nilikuwa nimesimama karibu yake, na mdomo ninao. Haukufunguka.

Jumapili, 9 Machi
Nikapanga kuituliza dhamiri yangu kwa bei nafuu. Nikanunua mche wa sabuni, nikaenda kumpa pole nyumbani kwake. Kosa! Mzee akamwita mkewe, akamwambia kwamba kazini kote ni mimi peke yangu niliyemkumbuka. Mama wa watu akanipa kiti chenye mto, yeye akaketi juu ya ndoo. Akaniombea dua, nizidi kupanda cheo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na kiti chake.

Jumatatu, 10 Machi
Hila mpya: kumwokoa mzee bila kujitaja. Nikamnong’oneza meneja kwamba huenda mabomba ya kuchotea yalichanganywa, na shetani au na panya. Akaona ni wazo zuri. Akatuita sote tupime upya hadharani. Sikulitarajia hilo. Mizani akanikabidhi chupa.
“Ulikuwa unachota wapi?”
“Pale.”
“Pale wapi?”
“Pale… mbele kidogo.”
“Mbele ya tando au nyuma ya tando, ndugu yangu?”
Nikatazama sakafu. Nikasema baada ya tando. Nikasema siku zote tangu Jumanne. Meneja akamrudishia mzee funguo kwa mikono miwili, akamwomba radhi mbele yetu. Baba Mchanga akanigeukia, kwa upole kabisa.
“Na ile sabuni, mwanangu, ilikuwa ya nini?”
Mizani ndiye mkuu wa maabara. Mimi nimepewa brashi na zile tando.

Jumatatu, 17 Machi
Wiki nzima nimesugua utelezi. Mikono inanuka samaki, na mke wangu hanisemeshi ila kwa kupitia mama yake. Lakini leo nimerudishwa maabara! Kazi yangu sasa ni kuchuja maji ya kisima kinacholisha mitambo, kukausha karatasi kwenye tanuri na kupima uzito wa vumbi lililobaki. Mizani kasema hapa hapendwi tena mwenye karatasi nyeupe, anapendwa anayewahi kuona uchafu. Nimempa heko kwa hekima yake. Shida ni moja: maji ya kisima leo ni safi kabisa. Sina cha kuwahi kuona. Nimechungulia dirishani. Chini ya ukuta kuna udongo laini, mzuri mno. Kijiko kimoja cha chai tu ndani ya chupa. Nani atadhurika?