Simu Yangu Haina Kosa

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata! Sare za wauguzi wote wa hospitali, ishirini na wanne, nitashona mimi. Si yule fundi wa ng'ambo ya barabara na kibao chake cha taa. Ni miezi mitatu sasa tunabadilisha zipu tu. Mke wangu amesema nikiiharibu kazi hii, duka tunalifunga nami nikalime kwa baba yake. Hakuwa anatania.

Nimewapima kutwa nzima. Kila muuguzi akiiona futi anavuta tumbo ndani na kuacha kupumua. Nimeandika wanachosema na, pembeni, ukweli wenyewe, ili nijue pa kuacha nafasi kwenye mshono. “Wa wodi ya watoto: anasema 30. Akipumua, 37.” “Muuguzi mkuu: anasema 34. Futi inasema 43. Futi haikuajiriwa na hospitali, haimwogopi mtu.” Nimecheka peke yangu hadi sindano ikanichoma. Kurasa zote nimezipiga picha. Daftari laweza kumwagikiwa chai. Simu haipotezi kitu.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi simu, alikuja kushonewa kifungo. Akaiinua simu yangu kwa vidole viwili kama soksi ya mtu mwingine. Eti ina miaka tisa. Eti waliotengeneza waliacha zamani kuiletea masasisho, udhaifu wake unajulikana kwa kila mwizi wa mtandaoni, na hakuna tena anayeurekebisha. Nikamwambia hata yalipokuwa yakija niliyakataa yote. Kila siku “sasisha, sasisha”, nami “baadaye, baadaye”. Siamrishwi na kitu nilichokinunua mwenyewe! Akashusha pumzi, akaondoka bila kifungo.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Programu ya kutumiana ujumbe imegoma. Inasema haifanyi kazi tena kwenye simu ya zamani namna hii. Na leo ndiyo siku muuguzi mkuu anatuma picha ya rangi ya kola! Shemeji akashauri nitumie simu ya mke wangu. Ili asome mambo yangu? Thubutu.

Nimetafuta mtandaoni mwenyewe. Kuna tovuti inatoa programu ileile, ya zamani, bure. Simu ikaonya kwamba chanzo hakijulikani. Nani anajulikana siku ya kwanza? Ikaomba kuona picha zangu. Ruhusu. Majina na namba za watu wote. Ruhusu. Kutuma ujumbe kwa niaba yangu. Ruhusu, tena ahsante, nina kazi nyingi. Imekubali! Kola ni bluu. Nimempigia shemeji kumwambia akapumzike, yeye na ufundi wake.

Alhamisi, 6 Machi
Simu inachemka. Nimeipitisha juu ya kola moja kwa majaribio. Kola imenyooka.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwisha. Nimekwisha kabisa.

Saa tatu asubuhi simu ilituma kurasa zangu zote za vipimo kwa kila mtu niliyemhifadhi, pamoja na maneno: “Ni wewe huyu?” Na kweli walikuwa wao.

Saa nne duka limejaa wauguzi. Yule wa wodi ya watoto akaniuliza kama kwa maoni yangu sasa hivi anapumua. Nikasema sina hakika. Muuguzi mkuu hakupaza sauti. Aliusoma mstari wake polepole mbele ya wote, akaomba futi yangu, akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akaamuru vitambaa vyote vya hospitali vitolewe. Vikatoka. Nililia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, na pazia lenyewe ni fupi, miguu yangu ilikuwa nje.

Shemeji amesema simu ndiyo iliyofungua mlango, lakini maneno ni yangu. Mke wangu amemwaga kopo la vifungo mezani. Anapanga vifungo kwa rangi. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 10 Machi
Kazi amepewa fundi wa ng'ambo. Namba yake niliihifadhi ili nimpigie nimringie siku ya kukabidhi sare. Kwa hiyo kurasa alizipata, zote, na zinasomeka vizuri. Hakumpima mtu hata mmoja.

Ijumaa, 14 Machi
Wauguzi wamepita mbele ya duka na sare mpya. Zimewakaa! Zimeachia pale pale nilipoandika ziachie. Nimewasikia wakisema hawajawahi kupata fundi anayewaelewa hivyo. Mimi nilikuwa mlangoni na zipu ya mtu mkononi. Sijui kama nina kazi tena hapa duniani.

Jumapili, 16 Machi
Mke wangu alikwenda mwenyewe kwa muuguzi mkuu, akashinda huko. Amerudi na aproni ishirini na nne za kushona. Aproni haipimwi, ina kamba tu. Muuguzi mkuu ameisifu sana sifa hiyo. Sharti ni moja: ile simu izimwe, isiwashwe tena. Macho ya mke wangu yalikuwa mekundu. Amesema hii ndiyo mara ya mwisho anamwomba mtu kwa ajili yangu. Nimeapa.

Nimeiwasha kidogo tu, kupiga picha shajara hii, isije ikamwagikiwa chai. Nimeanzia ukurasa huu, wenye siri ya kazi: kwa muuguzi mkuu itabidi niunganishe kamba mbili mbili.

Mara ukatokea ujumbe mwekundu: “Simu yako ina virusi 17! Bonyeza hapa tuisafishe bure.” Kumi na saba! Na shemeji, fundi mzima, hakuhesabu hata kimoja! Nimebonyeza haraka. Wameomba kuona picha, majina ya watu, na kutuma ujumbe kwa niaba yangu. Ni haki yao. Daktari hatibu mgonjwa aliyekataa kuvua shati.

Nimeruhusu zote. Simu imeanza kupata joto. Nadhani inapona.