Samaki Waliokataa Kuhamia Kijijini

Kwa heshima na taadhima, Wilbrodi, Katibu Kata wa Mkange, aliutangazia umma kwamba kuanzia Jumatatu hata samaki wa kijitoni hawataruhusiwa kuishi ovyoovyo. Operesheni Vijiji, ya kuwahamishia wote kwenye vijiji vya pamoja, haikubagua mwenye miguu na asiye nayo.

Hoja yake ilikuwa nzito. Bi Sihaba na jamaa zake, nyumba kumi kandokando ya kijito, walikataa katakata kuhama, eti kitoweo chao kimo humo: visamaki visivyozidi urefu wa kidole, vitamu kwa nazi. Wilbrodi alikuna kidevu. Kitoweo kikihamia kijijini, walaji watakaa na nani? Nyumba zitabomolewa bila hata kelele.

Akaunda Kamati ya Makazi ya Samaki, akajiteua mwenyekiti, akachimbisha bwawa mbele ya ofisi yake. Kisha akashuka kijitoni na wabeba ndoo, akamkuta Bi Sihaba.

"Shikamoo, mama. Kesho na wewe ufunge mizigo."

"Marahaba, mwanangu. Lakini samaki hawa hawayawezi maji yaliyolala. Wanataka yanayotembea."

"Watazoea. Ni suala la elimu tu."

Kufika Alhamisi samaki walikuwa wanaelea bwawani, matumbo juu. Paka wa kijiji walihudhuria kwa wingi. Wilbrodi aliingiwa na hofu hasa, maana wakubwa walikuwa wakisubiri taarifa. Akaandika: "Wahamiaji wa awamu ya kwanza wamepumzika. Waliosalia kijitoni ni wakaidi. Mimi, kiongozi wao, naomba maelekezo."

Majibu yalirudi na mihuri mitatu.

"Tunakupongeza. Hata hivyo, haifai kiongozi kuishi mbali na anaowaongoza. Maadamu raia wako wamebaki kijitoni, nawe uhamie huko mara moja. Nyumba kumi zilizopo zisiguswe, usije ukakosa majirani."

Aliisoma barua hiyo mara nne akitafuta kosa. Halikuwapo, ilikuwa imeandikwa vizuri sana.

Jumatatu alitelemka na kitanda chake kichwani, viatu mkononi. Bi Sihaba, ambaye wiki nzima hakuwa amepata usingizi kwa kuiwazia nyumba yake, alimpokea kwa furaha ya dhati, akamwonyesha kipande cha tope kando ya maji.

"Jenga hapo, mwanangu."

"Ahsante, mama. Basi mniandikishe kwa balozi wenu wa nyumba kumi."

"Tungependa," alisema Bi Sihaba, "ila sisi tumeshatimia kumi. Wewe utahesabiwa pamoja na samaki."