Majaribio Matano na Ramla

Jumatatu, 6 Oktoba

Habari kubwa! Zimebaki wiki mbili za mafunzo yangu ya kazi kwa njia ya mtandao. Nachora kurasa za simu kwa kampuni ya programu ya Kinshasa, mimi nikiwa hapa Kisangani. Leo bosi wetu, Delphine, ametangaza kwamba mmoja kati ya wanafunzi wawili ataitwa kufanya kazi ofisini. Ofisini! Kinshasa! Wanafunzi wenyewe ni mimi, Feruzi, na Landry wa Mangobo. Mji ni mmoja lakini sijawahi kuonana naye uso kwa uso. Sijapoteza kitu.

Kinshasa yenyewe sina haja nayo. Kinshasa yuko Ramla. Aliondoka Julai kwa boti kwenda kukaa na tantine yake, dada ya mama yake. Nilimbebea begi hadi bandarini. Maneno ya kumwambia nilikuwa nimeyaandaa kwa wiki tatu. Boti ikapiga honi, nikamwambia achunge mizigo. Tangu siku hiyo tunatumiana salamu za maandishi tu, na mimi najiuliza: mizigo gani?

Kazi iliyobaki ni ukurasa wa kukatia tiketi za boti za mtoni. Delphine anataka kila mmoja aujaribu kwa wasafiri watano. Msafiri anafungua ukurasa kwenye simu yake, anasema kwa sauti kila anachotaka na kila anachofanya. Sisi tunasikiliza na kurekodi. Ni marufuku kumsaidia. Mimi tayari nina msafiri. Ramla mara tano ni watano. Hesabu haidanganyi.

Jumanne, 7 Oktoba

Jaribio la kwanza. Nilimpigia Ramla saa nne asubuhi kutoka kona yangu, ndani ya karakana ya Tonton Moussa, ndugu ya marehemu baba, fundi cherehani aliyenilea. Nikamwomba ajione kama msafiri anayetaka kuja huku. Akasema kwa sauti: "Niko Kinshasa. Nataka kuja Kisangani."

Nikamwambia simu imekatika kidogo, arudie. Haikuwa imekatika. Akarudia. Nikamwambia imekatika tena.

Kisha msiba. Alimaliza tiketi nzima kwa dakika moja na nusu! Akabonyeza kitufe cha kuthibitisha, akauliza kama kuna kingine. Kingine hakuna. Nilichora vizuri mno, mjinga mimi. Miezi mitatu ya kungoja, dakika moja na nusu.

Mchana nimepata wazo. Kitufe kikipotea, Ramla atakitafuta. Akikitafuta, hakati simu. Nimekishusha chini kabisa ya ukurasa na kukipaka kijivu juu ya kijivu. Nusura nikipoteze mwenyewe.

Alhamisi, 9 Oktoba

Dakika kumi na moja! Alitafuta huku, akatafuta kule. Nilisikia pumzi yake. Nilisikia vifuniko vya sufuria vya tantine, na jogoo wa jirani yao ambaye sasa ningeweza kumtambua popote. Katikati ya kutafuta akauliza tumekula nini. Nikamwambia makemba, ndizi za kupika, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa Yanonge kutoka kwa Mama Orpha, jirani yetu. Akalalamikia ladha ya huko: "Huku pia iko sombe, lakini haiko na goût ya kwetu."

Alipokata nilibaki na simu sikioni muda mrefu. Tonton akauliza ni kazi gani hii ya kuuchekea ukuta.

Kwenye ripoti nimeandika: msafiri wa pili hakufika.

Ijumaa, 10 Oktoba

Siku mbaya. Kwenye mikutano ya video mimi hutundika liputa, kitenge kipana, kwenye ufito nyuma yangu ili cherehani zisionekane. Leo nilikuwa katikati ya maelezo, shati limepigwa pasi, sauti ya ofisini. Ufito ukaanguka. Kitambaa kikanifunika kichwa, na kampuni nzima ikamwona Tonton akimpima kiuno mteja mnene aliyebana pumzi. Landry alicheka. Nilimsikia.

Delphine akauliza kwa nini ukurasa wangu unazidi kuwa mgumu kila siku. Nikamjibu kwamba ni ubunifu. Zamu ya Landry ikafika, akaonyesha kazi yake. Kazi! Picha ya karatasi ya daftari, imechorwa kwa kalamu ya bluu, mistari imepinda, na doa la mafuta ya mikate ya kukaanga pembeni. Aliipeleka bandarini hivyo hivyo! Mama mmoja akamwuliza mbuzi wake ataandikwa wapi. Sasa ukurasa wa Landry una sehemu ya mbuzi. Delphine alifurahi sana. Akasema hiyo ndiyo njia: kitu kitoke kikiwa kibichi, watu wakione, waseme. Mimi nikaandika kwenye daftari: Landry hana aibu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Jaribio la tatu. Safari hii kitufe nimekificha nyuma ya picha ya boti. Dakika ishirini na nne, hakuna aliyewahi kufika huko! Lakini Ramla hakuwa mchangamfu. Alikuwa akitafuta polepole, kama mtu mwenye mawazo. Ghafla akasema, bila kuulizwa, kwamba Jumapili wageni wanakuja kwa tantine. Jamaa za Aboubakar, mwenye duka la vipuri. Wanakuja kumposa. Akangoja.

Maneno yote ya bandarini yalinijia kwa pamoja yakabanana kooni. Nikamwambia aendelee na ukurasa.

Akasema: "Niko Kinshasa. Nataka kuja Kisangani." Kisha akasema réseau iko mubaya, akakata. Mtandao ulikuwa mzuri, nilikuwa nauona.

Nampenda. Naandika hapa kwa sababu daftari haliniulizi kitu.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimemwambia Tonton. Aliweka mkasi chini, jambo asilofanya hata akiitwa kula. Akasema: "Bon. Mimi niko na simu, tantine yake iko na simu. Neno moja tu, inaisha. Leo hii." Na ni kweli, kwetu posa ni ya wakubwa. Mzee akishatamka kwamba kuna kijana wake anayemtaka binti, na binti mwenyewe akaitika, wengine wanarudi na vikapu vyao.

Nikamweleza mpango wangu. Kwanza nipate nafasi. Halafu nifike Kinshasa. Halafu nimwendee tantine nikiwa na kadi ya kampuni shingoni. Nikamwuliza atamposeaje mchumba mtu asiye na hata meza ya kazi. Tonton akatazama kona yangu, akasema meza ninayo, ni yake. Akarudi kwenye suruali.

Jioni Delphine ameomba rekodi za wasafiri wote watano. Nimezipa rekodi zangu tatu majina: Ramla, Binti, Leila. Mbili zilizopungua nimezirekodi mwenyewe nikiwa nimebana pua. Mmoja ni Mzee Mahmoudi, mwingine ni mkewe. Mabosi hawasikilizi vitu hivi, wanahesabu tu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Huyu amesikiliza. Zote, tangu mwanzo hadi mwisho.

Hakunikemea. Angenikemea ningepona haraka. Alisema tu kwamba inashangaza Ramla, Binti na Leila kuwa na jogoo mmoja. Akasema pia kwamba yule dada, kila rekodi, anasema anataka kuja, na mimi kila rekodi namfungia njia. Nafasi amepewa Landry. Mimi niandike ukurasa mmoja wa masomo niliyojifunza, halafu tuagane kwa wema.

Kinshasa imekwenda! Nikampigia Ramla, nikamwungamia habari za kitufe. Akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Feruzi, bouton ile nilionaka. Mara ya pili nilionaka, mara ya tatu nilionaka. Nilikuwa natafuta polepole tu."

Kumbe alikiona! Nilikaa chini, juu ya vitambaa vya wateja. Akasema hajawahi kuniomba kazi ya ofisini. Akasema Jumapili saa nane, kabla ya kuwajibu wageni, tantine atamwuliza kama kuna mwingine mwenye neno. "Tonton yako apige tu. Hata neno moja. Mimi nitaitika."

Ataitika! Nimeizunguka karakana mara tatu. Mama aliyekuja kuchukua blauzi yake amenipa pole.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimeandika masomo yangu na kuyatuma. Kwa kweli ni somo moja tu, lakini limeniingia mpaka kwenye mifupa. Nafasi niliipoteza kwa sababu sikufanya majaribio kwa watu watano wa kweli. Kosa hilo sitalirudia maishani.

Tangu kutoka msikitini Tonton ana simu mkononi. Nimemzuia. Neno kavu kwenye simu, kwa mtu kama Ramla? Haiwezekani. Itakwenda barua ya posa, kwenye simu ya tantine, imepangwa vizuri, ina rangi, na imejaribiwa. Tonton akasema yeye alipooa alimtuma baba yake, na baba yake hakuwa na rangi yoyote. Ni mtu wa zamani.

Toleo la kwanza: kijani na dhahabu. Linapendeza hadi nimelitazama nikaona haya.

Jumamosi, 18 Oktoba

Majaribio. Mama Orpha alisema barua iko muzuri, akauliza sherehe ni lini na alete samaki ngapi. Hakuelewa kwamba ni maombi. Toleo la pili. Mteja mwenye ile suruali ya Tonton akauliza kama tunafungua duka la dawa. Nikaondoa kijani, toleo la tatu. Benie, anayeuza mikate mlangoni kwetu, akaisoma hadi mwisho, akafuta macho kwa kanga. Akasema nisiguse kitu, nitume sasa hivi. Lakini Benie ni mtu mmoja tu. Nikabadilisha herufi, toleo la nne. Saa kumi mvua ikaanguka, wapita njia wakakimbia, nikakosa wa nne na wa tano.

Jioni Ramla akaandika: "Tonton atapiga leo?" Nikamwandikia awe na subira, kitu kizuri kinakuja.

Jumapili, 19 Oktoba

Saa nane za Kinshasa ni saa tisa zetu. Kwa hiyo nilikuwa na saa nzima ambayo Aboubakar hana. Niliitumia yote.

Wa nne nilimpata asubuhi, kijana wa toleka, teksi ya baiskeli, alikuwa anafuta baiskeli yake. Hajui kusoma lakini mapambo ya maua ya pembeni kayapenda. La tano nilikuwa nimelimaliza usiku, sasa toleo la sita. Wa tano ni Tonton mwenyewe. Nilimpa toleo la saba saa tisa kasoro dakika kumi. Hakulitazama. Alichukua simu yake akampigia tantine. Nikasikia inaita. Nikasikia mwanamke anasema allô, na nyuma yake sahani, na watu wengi wakicheka. Tonton akavuta pumzi, akasalimia.

Nikamnyang'anya simu nikakata. Jina la Ramla lilikuwa limesogea mno pembeni, nimeliona wakati huo huo! Nikamwambia Tonton dakika kumi tu. Akaketi kwenye kiti cha wateja. Hajasema nami tena.

Jina limekaa sawa saa kumi kasoro robo. Nikatuma. Saa kumi Ramla akajibu: "Wageni walikula, tantine aliwaitika. Kabla ya ile aliniuliza mara mbili. Mara mbili nilitazama simu. Barua yako iko muzuri sana, Feruzi."

Nimeusoma ujumbe wake mpaka macho yanauma. Nataka kumwambia kwamba tantine arudishe neno lake. Kwamba kesho kuna boti na nitapanda hata nikalale juu ya magunia ya mkaa. Kwamba tangu Julai sijala sombe ikaniingia. Nimeshika simu kuandika hayo yote, na yote yamekwama palepale yanapokwama siku zote. Nimemwandikia: "Asante kwa maoni yako. Ulipenda nini zaidi, rangi au mpangilio?"

Ameona. Hajajibu bado. Huku nikingoja nimeanza toleo la nane.