Idara ya Taka Zenye Hadhi

Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti mara tatu, asije mtu akasema hakusikia. Kuanzia siku hiyo nchi haikuwa tena na takataka. Kilichokuwa takataka jana, leo kiliitwa Malighafi Tarajiwa, mali ya Idara ya Taka Zenye Hadhi, na atakayeigusa bila Cheti cha Taka atanyang'anywa chombo chake cha kazi.

Watu walipiga makofi. Hata mitaro ilionekana kujaa heshima.

Mama Jeki hakupiga, mikono yake ilikuwa na gundi. Jina alilipata kwa jeki ya lori aliyoachiwa na marehemu mumewe, dereva. Kwa jeki hiyo, uani kwake, alitengeneza mbao: mabua ya mahindi yaliyoachwa mashambani, vipande vya nguo vilivyofagiwa kwa mafundi cherehani, gundi, vyote ndani ya fremu ya chuma, vikakandamizwa hadi vishikane kama mtu na nduguye. Siri ilikuwa moja. Bua alilivunjia karibu na sikio. Likilia "ta!" limekauka. Likinyamaza, linarudi juani.

Mbao hizo zilikuwa za madawati ya shule. Mjukuu wake alikuwa anasomea sakafuni, na bibi alishatoa neno: muhula ukifunguliwa, utakaa kwenye dawati. Na Mama Jeki hakuwa mtu wa kuahidi mtoto, akavunja ahadi, kisha akaenda kusali kama hakuna kitu.

Wiki hiyohiyo Mkaguzi wa Idara akabisha hodi na mwenzake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

"Hatukai. Tumefuata jeki."

"Imekosa nini?"

"Imekandamiza mali ya umma."

"Haya mabua? Juzi nilizibia banda la kuku!"

"Hayo yalikuwa ya juzi, mama."

Wakaibeba jeki, mmoja huku mmoja kule, kama mshukiwa.

Mama Jeki akaenda kuomba cheti. Dirisha la kwanza lilitaka sampuli ya taka, iliyofuliwa na kupigwa pasi. Akafua, akapiga pasi. Dirisha la pili lilitaka barua ya mwenye taka, kuthibitisha kwamba aliitupa kwa hiari yake. Fundi cherehani akaandika, huku akicheka hadi sindano ikamchoma. Dirisha la tatu lilikuwa limefungwa, lakini lilikuwa na foleni nzuri tu.

Akiwa kwenye foleni hiyo aliiona jeki yake uani kwa Idara. Waziri alikuwa anakuja, na Mkurugenzi alikuwa ameapa kwamba meza ya kuhutubia itatengenezwa na Idara yenyewe. Kwa kuwa taka za mitaani zingeshusha hadhi, walinunua vitambaa vipya, wakavikatakata. Kisha wakaleta mahindi mabichi, bua na gunzi na punje zake.

"Baba, nani hutupa mahindi yenye punje?" aliuliza Mama Jeki.

"Hizi ni taka za daraja la kwanza," akajibu Mkurugenzi.

"Na hilo bua halijalia."

"Mama, sikio si kipimo kilichoidhinishwa."

Meza ikakandamizwa, ikafunikwa shuka la satini, ikawekwa stoo wiki mbili, isipigwe na vumbi. Siku ya sherehe Mama Jeki akakabidhiwa cheti, namba moja. Hakuna mwingine aliyekuwa ameyamaliza madirisha.

"Na jeki?"

"Baada ya sherehe, mama. Au baada ya tathmini ya sherehe."

Akakaa kiti cha nyuma kabisa. Muhula ulikuwa unafunguliwa wiki inayofuata.

Shuka likavutwa. Meza ilikuwa imeota. Miche ya mahindi ilijipanga upande wa mbele, mibichi, kimo cha shubiri.

"Hii ni sehemu ya ubunifu?" Waziri aliuliza.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ni meza inayoendelea kukua."

Mkurugenzi akaiegemea kwa viwiko vyote viwili ili aanze hotuba. Meza haikulia hata "ta". Ilizama kimya, na yeye akazama nayo hadi kidevuni, akiwa bado ukurasa wa kwanza.

"Ondoeni hii taka," akasema Waziri, ameziba pua.

Neno likawa limetoka. Walinzi wakasogea, lakini Mkaguzi, mtu mwaminifu kwa kanuni, akawazuia: taka haiguswi bila cheti. Kwa kanuni hiyohiyo, hata Mkurugenzi hakuruhusiwa kujipangusa.

Vichwa vyote vikageuka nyuma.

"Mama yetu," Mkurugenzi akaita kutoka humo ndani, "tusaidie."

"Nitasaidia, mwanangu. Ila sigusi taka bila chombo changu."

Jeki ililetwa mbio. Mama Jeki akaifuta kwa upindo wa kanga, akaiweka miguuni.

"Barua ya mwenye taka, kwamba ameitupa kwa hiari?"

Mkurugenzi akaiandika nyuma ya hotuba yake.

"Vizuri. Imebaki sampuli. Iliyofuliwa na kupigwa pasi."

"Mama! Uji huu unapigwaje pasi?"

"Hata mimi niliuliza hivyo, baba. Nikaambiwa nijaribu."

Akaaga, akabebewa jeki hadi nyumbani, na wale wale wawili walioichukua. Muhula ulipofunguliwa, mjukuu alikaa. Mkurugenzi, kwa taarifa zilizofika, alikuwa bado kwenye pasi.