Mvua Niliyoiandika

Jumatatu, 3 Machi

Bado jua. Wazee wa Matombo wanasema masika siku hizi haijui tena njia ya kupanda huku Uluguru.

Leo nimepewa cheo! Bwana shamba Innocent amefunga kipima mvua shambani kwa Mama Prisca, tajiri yangu. Kopo refu la plastiki lenye mistari, juu ya kigingi. Kila siku saa tatu asubuhi nisome, niandike kwenye daftari, kisha nimwage. Zikitimia milimita ishirini na tano, kijiji kizima kipande. Nimechaguliwa kwa kuwa nilifika darasa la tano. Twalibu, kibarua mwenzangu wa Turiani, aliishia la tatu. Mchana hakula, nikajua ni wivu. Baadaye nikakumbuka amefunga.

Mama Prisca amenipa ngazi ya juu, kipande cha shamba kilichochongwa kwenye mteremko, nilime maharage yangu. Yakizaa, Juni naenda Urambo kwa mama yangu. Macho yanamwishia, anataka kuniona kabla hayajazimika. Yasipozaa, nabaki mpaka vuli. Nimeshapanda kwenye vumbi, niwe wa kwanza. Tena nimeng'oa majani yote ya ukingoni, nikapata mistari miwili zaidi. Twalibu, mwenye ngazi ya chini yangu, ameacha majani yake. Mvivu.

Tatizo: kigingi kiko bondeni kando ya mto, mimi nalala juu. Magoti yangu yana miaka hamsini na mbili. Nikajaza daftari kitandani. Sifuri inaonekana kama mtu hakwenda. Nikaandika 4.

Jumanne, 4 Machi

Nilishuka kuteka maji. Kopo lina maji. Milimita nne. Nilisoma mara tatu, kwa kidole. Udongo kuzunguka kigingi mkavu kama unga.

Nikamshitaki Twalibu kwa Mama Prisca kwamba amekojoa humo. Mama akanusa, akasema ni maji, ila ya baridi mno. Twalibu akaapa kwa mwezi mtukufu. Mimi Mnyamwezi, Mama Mluguru. Ni watani, hawezi kuniacha hivi hivi. “Mtani, kwani huko Tabora mvua hunyesha ndani ya kopo tu?” Walicheka mpaka wakakaa chini. Nikaandika 9 kwa hasira.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Tangu alfajiri nilijificha karibu na kigingi nimkamate Twalibu. Hakuja. Ukungu ndio uliokuja. Ulishuka mlimani ukasimama hatua moja kutoka nilipo, kama mtu aliyefika mlangoni anangoja kukaribishwa. Ndege kimya. Kisha nikasikia mvua nzito ikipiga migomba, hapa hapa, juu ya kichwa changu. Nikanyoosha mkono. Mkavu. Majani ya migomba hayatikisiki. Sauti ilipokoma, kopo lilikuwa na tisa.

Nilipanda kilima mbio bila kukumbuka magoti. Mama Prisca alikuwa ametoka misheni na majivu kwenye paji la uso. Akaniuliza nami nimepakwa wapi, mbona uso mzima. Nikasema ni vumbi. Mgeni akisimulia mambo kama haya, anaitwa mchawi.

Nikaandika 12. Kwanza kujaribu. Pili, ishirini na tano ilikuwa karibu.

Alhamisi, 6 Machi

Innocent alikuja akajumlisha daftari: ishirini na tano. Akasoma kopo: kumi na mbili. Akatazama ardhi kavu, akakuna kichwa, akasema mvua za siku hizi zina mambo yake. Kisha akaniita msomi mbele ya Twalibu!

Kijiji kizima kimepanda. Mama Prisca amemaliza debe lake la mwisho la mbegu. Wanawake walipita na majembe wakinipungia mkono. Chakula hakikupita. Baadaye kilipita.

Ijumaa, 7 Machi

Jua la kupasua mawe. Sisimizi wanabeba mbegu, kware wanafukua. Nilifukua moja ya kwangu: imesinyaa. Mama Prisca alishika udongo, ukampita vidoleni. Hakunitania. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nimewaza sana. Mvua inanitii, ila inaishia kwenye kopo. Kopo hujaa kwa mia moja. Basi nikiandika zaidi ya mia, zinazobaki zitamwagika wapi kama si shambani? Hesabu ya darasa la tano hiyo! Nimeandika 160.

Jumamosi, 8 Machi

Ilianza saa tatu kamili. Bila wingu, bila upepo, bila radi. Ilishuka wima, kama kuna mtu anamimina na kutazama. Ilikoma saa saba, mara moja, kama imekatwa kwa panga.

Mashamba yote yamelowa vizuri. Watu wanashukuru. Ngazi yangu haipo. Umebaki mwamba. Udongo wangu wote, mbegu zangu, pamoja na mistari miwili ya ziada, vimeteremka kwa Twalibu na kunaswa na majani yake.

Nilimwomba Mama Prisca aamue. Aliamua. “Huku mlimani, kinacholetwa na maji ni cha aliye chini. Ungeyaacha majani, baba.”

Twalibu alinipa pole, akanikaribisha futari. Nilikwenda. Uji ulikuwa mzuri, jambo lililoniuma zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia mama. Nimemwambia ni mpaka vuli. Akasema basi atajitahidi kuyatunza macho.

Mama Prisca alisikia. Akachota kibaba cha maharage ya chakula chake, akanipa na ngazi nyingine, kando ya mto. Tope linafika magotini. Likikauka nipande, na Julai naweza kuondoka. Nilitaka kulia.

Ninachohitaji sasa ni jua kidogo. Lakini kuandika sifuri kila asubuhi nako ni kazi. Nimezijaza zote leo, mpaka mwisho wa Mei, nisisumbuke tena.

Nilipoandika ya mwisho, mto bondeni ulinyamaza. Afadhali. Kelele zake zilikuwa zinaninyima usingizi.