Taa Mpya ya Televisheni Kubwa

Jumatatu, 5 Mei 2025

Likizo. Leo nimekuwa fundi. Hakuna aliyeniomba.

Sababu ni Koko Orpa, bibi yangu. Jumatatu ijayo anapasuliwa jicho hospitali ya Ruharo, kule Mbarara. Kisu chenyewe hakiogopi. Anaogopa kisu kikikosea asimwone tena mume wake, marehemu mzee Nestor. Picha zake zote zilibaki Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, tulipokimbia vita. Imebaki DVD moja tu, ya arusi ya mama mdogo Viviane. Tuliitia kwenye simu, ila pale Koko haoni kitu, anasema ni inzi wanacheza. Anataka kumwona mukubwa, kama mutu.

Hata mimi nataka kumwona. Nilikuwa mdogo. Nakumbuka kofia yake nyeusi na harufu ya tumbaku. Sura imefutika.

Na televisheni kubwa ipo! Baba Damascène, aliyekuwa anaonyesha filamu hapa kambini Nakivale, alituachia pamoja na deki yake ya DVD alipohamia Kanada. Ni kubwa kama kabati, ya zile za zamani ambazo ndani kuna taa kali inayorusha picha kwenye kioo kutoka nyuma. Taa ilikufa siku nyingi. Mama anaitumia kuanikia sahani.

Nimemwambia Koko: kabla ya Jumatatu utamwona. Akalia kidogo. Nikaogopa, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mimi husema maneno machache, na hayo machache ndiyo huniponza.

Jumanne, 6 Mei

Mbarara. Nilisimama nje ya duka la Buruhan, muuza vifaa vya umeme vilivyotumika, nikifanya mazoezi ya salamu. Akatoka mwenyewe kuniuliza kama namlinda.

Taa anayo! Nimempa simu yangu, naye akanipa taa. Hasara ndogo, hakuna anayenipigia. Buruhan akaapa kwamba taa ni orijino, na ikikataa kuwaka, mgonjwa ni televisheni.

Ndani ya boksi kuna karatasi ya onyo. Kioo cha taa kisiguswe kwa mkono, mafuta ya vidole huiua. Imeandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Kifaransa nilianzishiwa Baraka, Kiingereza nimekipata shule ya hapa. Kwa hiyo nimeonywa mara mbili.

Nimeilaza mezani juu ya kitambaa safi na kutangazia nyumba nzima: mtu asiiguse kwa mkono! Mama akauliza kama ni taa au ni mtoto mchanga. Koko akasema amesikia.

Jumatano, 7 Mei

Nimevaa mifuko ya plastiki mikononi. Nimeingiza taa taratibu kama daktari. Kifuniko cha nyuma nimekiacha wazi makusudi, ipate hewa. Taa ya zamani ilikufa kwa joto, naamini hivyo. Mimi sirudii makosa ya watu.

Nikawasha. Giza. Halafu kataa kadogo kekundu kakaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima.

Na nani akaingia saa hiyohiyo? Patient. Yule jirani anayewatia watu filamu kwenye simu, na ambaye anajua kuongea na kila mtu, hata wasichana wa kwaya. Akaitazama televisheni, akauliza: Petit, mudogo wangu, télé yako inamukonyeza nani? Mama akacheka. Mama yangu mwenyewe!

Patient akasema ana kompyuta yenye kuingiza DVD, Koko aangalie pale. Nikakataa. Kompyuta yake ni ndogo kama sahani. Koko ataona inzi wanono, basi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimesoma kitabu cha televisheni, kurasa zilizoachwa na panya. Kifuniko kikiwa wazi, televisheni inakataa kuwasha taa. Imeumbwa hivyo! Nikafunga, nikakaza parafujo.

IKAWAKA.

Oh, Baraka! Kanisa letu la matofali, ziwa nyuma yake, wamama katika vitenge vya rangi moja. Majirani wakajaa mpaka mlangoni. Kila mtu alikuwa na mtu wake. Yule yuko Norway. Yule alibaki Fizi. Yule njo mwenye alitufundisha kusoma, alikufa. Mama akaimba pamoja na kwaya, sauti ambayo sijaisikia tangu tufike huku. Mtu akasema anasikia harufu ya ndagala, dagaa wa kwetu, wakikaangwa kando ya ziwa. Hata mimi nilisikia harufu ya kukaanga.

Koko alikuwa ameweka pua karibu na kioo. Akauliza: mzee wangu mwenyewe amefika? Bado, Koko. Mlango wa kanisa ukafunguka, wazee wakaanza kutoka.

Pu!

Moshi kidogo. Giza. Watu wakatoka mmoja mmoja bila kuaga, kama watu wa msiba. Patient hakucheka. Hilo limeniuma zaidi.

Ijumaa, 9 Mei

Nimefungua. Vipande vya kioo. Ndani kunanukia maharage ya mawese.

Nilikuwa bado nanusa, Koko akaja kuniuliza taratibu: pengine alipaka kidogo sana?

Nikauliza alipaka nini.

Nilipaswa kujua. Kwetu kitu kipya hakianzi kazi bila kuombewa na kupakwa mafuta. Godoro, baiskeli, hata kalamu yangu ya mtihani (nilianguka). Mafuta ya kanisa yalikuwa yameisha, akatumia mawese. Na mkono wake haukugusa taa hata kidogo, maana nilikataza. Alitumia unyoya wa kuku. Kioo chote, mbele na pembeni, asibakize fasi yoyote bila mafuta.

Alikuwa ananitazama kwa yale macho yake ya ukungu. Nikasema Buruhan ameniuzia taa mbovu.

Koko akapiga magoti akamwombea Buruhan.

Jumapili, 11 Mei

Kesho Ruharo. Ahadi yangu imevunjika vipande. Nimekwenda kwa Patient kuomba kompyuta. Nilipanga hotuba ya kiburi, ikatoka: tafadhali, grand, kaka yangu mkubwa. Akaja nayo mwenyewe.

Koko akaangalia, akasema ni ukungu mutupu. Halafu akasema: basi wewe uniambie.

Mimi! Mbele ya Mama, Patient na majirani! Mimi ambaye darasani huinamia kamba ya kiatu nisiulizwe swali. Nikaanza kwa kunong'ona. Wazee wanatoka, Koko. Ametoka. Amevaa kofia nyeusi. Koko akanishika goti: anafanya nini? Anacheza, Koko. Ameinua fimbo. Wamama wanamfuta jasho. Sasa anazunguka kwa mguu mmoja.

Mguu mumoja? akauliza.

Mguu mmoja, Koko.

Nikaongea mpaka DVD ikaisha. Sijawahi kuongea hivyo maishani. Koko akasema sasa wanaweza kumpasua.

Jumanne, 13 Mei

Ruharo. Wamemtoa bandeji. Akatazama dirisha, akamtazama muuguzi, akanitazama mimi muda mrefu. Akasema kumbe nimekuwa murefu hivi, na shati langu lina doa.

Anaona! Nikatoka nje kulia, nikamwambia mlinzi ni vumbi.

Alhamisi, 15 Mei

Tumerudi nyumbani. Patient ameleta kompyuta tena. Koko akaketi mwenyewe, miwani myeusi juu ya paji. Wazee wakatoka kanisani. Mwenye kofia akaanza kuzunguka, nikamwonyesha kwa fahari.

Koko akacheka mpaka Mama akamwambia atafungua mshono. Yule ni Kabanda, shemasi! Siku ile aliazima kofia ya mzee wangu na hakuirudisha. Nestor hakucheza hata siku moja, kumbe alijifunzia wapi huko mbinguni?

Akagusa kioo kwa kidole. Nyuma kabisa, karibu na sufuria, mtu mrefu mwenye masikio makubwa anakula wali peke yake, anatazama chini asiongeleshwe na mtu.

Njo yeye, njo mzee wangu, akasema Koko. Akaomba turudishe nyuma. Tukarudisha tena na tena. Nikashika masikio yangu.

Ijumaa, 16 Mei

Patient ametuachia kompyuta mpaka Jumapili, Koko ashibe. Mtu mwema, nilimkosea.

Ila pale kwenye sufuria picha ina kiza kidogo. Patient hajalalamika, lakini yeye hana jicho la fundi. Koko yuko ibadani, hatajua. Nimeshaifungua kompyuta nyuma, nimepangusa ndani kwa kitambaa chenye maji kidogo, nimefunga vizuri.

Imebaki parafujo moja. Nadhani ilikuwa ya ziada.